Kikombe cha Pantan Uyem

Takengon, 9 Novemba

Ibi mpendwa,

Assalamu alaikum. Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama. Nimeiangusha kahawa yetu kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningekupigia simu, lakini simu yako hukaa jikoni na wewe huifungulia spika kwa sababu mikono iko kwenye unga. Kikundi chako chote cha wanawake wa kahawa kingenisikia. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Aman Koro aje nayo kwenye lori lake la kabichi. Wewe ni dada wa Baba, na ndiye uliyeanika kahawa hiyo. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Unajua kazi ya maabara hii ya ushirika. Kijiji kinachotaka kahawa yake iuzwe kwa jina lake, isichanganywe na ya mtu, huleta sampuli. Inakaangwa, inasagwa, inamwagiwa maji ya moto kwenye mabakuli, kisha sisi wanne tunapita na vijiko tunafyonza na kuandika alama kati ya mia. Mabakuli yana namba tu. Hakuna anayejua ipi ni ya nani mpaka karatasi zigeuzwe. Wanne hao ni Aman Rauf, mkuu wa maabara na mwalimu wangu, dada Nurlaila, kaka Hasbi, na mimi. Mimi ni mwanafunzi, ila alama zangu zinahesabiwa kama za wengine. Aman Rauf anasema ulimi mgeni bado haujajifunza kupendelea.

Jana nilipofyonza bakuli la tano nilisimama. Sikusikia tunda wala ua. Nilisikia nyumbani. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Ilikuwa kama nimeketi nyuma ya bibi yangu, Anan, asubuhi na mapema, yeye anachochea moto, mimi nimejifunika nusu ya shali yake. Nikaandika themanini na sita. Sijawahi kutoa alama kubwa hivyo.

Kaka Hasbi akatema kwenye kopo lake. "Nani ameleta samaki wa kukausha mezani?"

Dada Nurlaila akacheka. Aman Rauf akafyonza mara ya pili, akatikisa kichwa. "Moshi wa kuni, na nyuma yake samaki. Hii imeharibika. Na wewe, Maisura, umesikia nini?"

Wote wakanigeukia. Ibi, unanijua nikitazamwa. Nilikuwa na penseli yenye kifutio. Nikafuta themanini na sita, nikaandika sabini na moja, nikasema "Moshi," kwa sauti ndogo hata kaka Hasbi akaniuliza kama ninaongea nao au ninaongea na bakuli.

Karatasi zilipogeuzwa, bakuli la tano lilikuwa Pantan Uyem.

Kuna kanuni hapa. Mwonjaji mmoja akitofautiana sana na wenzake, kijiji hakikataliwi. Kinaombwa kilete sampuli nyingine. Themanini na sita yangu ingetosha. Mwisho wa mwezi orodha inafungwa, na kijiji kisichokuwemo kitauza kwa tajiri, anayechanganya kahawa za vijiji vyote kwenye rundo lake, kama miaka yote.

Sijala tangu jana.

Mwanao,
Maisura


Pantan Uyem, 13 Novemba

Ipak yangu,

Waalaikumu salamu. Barua yako nimeisomea chooni, maana ndipo mahali pekee ambapo hawa wanawake hawanifuati. Kula kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Umekula? Haya. Moshi si wetu. Nimemenya mwenyewe, nimeosha mwenyewe, nimeanika kwenye vile vitanda vipya vya waya chini ya plastiki. Mvua ikigonga tunakimbia kufunika kama kuku waliorushiwa jiwe. Inen Safri alikuja kuchambua na sigara ya karafuu mdomoni, nikamfukuza mpaka barabarani, na mpaka leo akinisalimia ananisalimia pua juu. Na kile kigunia cha sampuli hakikutoka mkononi mwangu mpaka kilipopanda lori. Kama kina samaki, muulizeni Aman Koro. Lori lake linashuka na kabichi na kupanda na samaki wa ziwani, depik, na tangu alinunue hajalisuuza hata siku moja.

La pili ni hili: nyamaza. Ukienda kusema ulifuta alama watakuona mtu wa kuyumbayumba na watakurudisha huku. Kahawa inazaa kila mwaka. Nafasi kama hiyo haizai kila mwaka. Baba yako alikubali uende kwa shida, unakumbuka. Akisikia umerudi atasema si niliwaambia, na atalisema kila jioni mpaka uolewe.

Wanawake bado sijawaambia. Nimesema matokeo hayajatoka. Wamenitii msimu mzima, Ipak. Nimewakataza kuchuma tunda la kijani, nimewakataza kuanika barabarani, nimewapigia kelele kama askari, yote kwa sababu niliwaahidi mwaka huu gunia litaandikwa Pantan Uyem. Sasa kila mmoja akipita ananiuliza kwa macho, na mimi ninajifanya nachungulia mawingu.

Na tajiri amepita. Aman Sabda, na ile pikipiki yake mpya. Sijui kanusa wapi. "Inen Wardah," ananiambia, "rundo langu lina nafasi, karibuni nyumbani."

Nikamwambia, "Nyumbani kwako kahawa ikiingia inasahau jina lake."

"Kahawa ina jina? Kwani umeizaa? Basi tuache kukuita Inen Wardah, tukuite Inen Kahawa."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka. Sasa ndilo jina langu kijijini, Inen Kahawa, na Wardah amenuna, anasema amenyang'anywa mama.

Nyamaza, mwanangu. Na uvae soksi.

Ibi yako,
Inen Wardah


Takengon, 16 Novemba

Ibi,

Si lori. Nilimuuliza Aman Rauf kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni swali la darasani. Alisema harufu ya safari ya siku moja hukaa juu juu na huondoka kwenye moto wa kukaangia. Hii imeingia ndani ya buni. Kisha akanieleza jambo ambalo tumelifanya miaka yote nyumbani bila mimi kujiuliza sababu. Huku kwetu mvua haitupi nafasi ya kukausha kahawa na ganda lake, ndiyo maana tunaikoboa ingali mbichi na kuianika ikiwa uchi. Ikiwa uchi hivyo, na laini, inakunywa kila kilicho karibu nayo.

Nikuambie pia somo la wiki hii, nadhani utalipenda. Aliweka vikombe vitatu. Miche ya aina moja, kutoka kitalu kimoja, lakini imepandwa mahali patatu. Cha kwanza kimetoka chini ya mlima Burni Telong, kwenye udongo mweusi wa moto wa zamani wa mlima huo. Kilikuwa kikali na kisafi, kama ganda la chungwa ukilibana karibu na pua. Cha pili kimetoka ng'ambo ya ziwa, chini kidogo, ambako jua ni jingi: kizito, kama sukari guru iliyoanza kuungua. Cha tatu kimetoka kwenye vilima vya kusini ambako ukungu hauondoki mpaka adhuhuri, na kilinikumbusha majani yenye maji, na iliki. Mti ni ule ule, Ibi. Aman Rauf alisema penye baridi tunda halina haraka ya kuiva, linakaa mtini linajikusanyia utamu, na udongo na kivuli na maji kila kimoja kinaweka neno lake. Ukizimwaga zote kwenye rundo moja ni kama watu wanaoongea wote kwa pamoja. Unasikia kelele, husikii mtu.

Nikamuuliza Pantan Uyem ina neno gani. Akasema hajui, hajawahi kulisikia. Kila mwaka kahawa yetu ilimfikia ikiwa ndani ya rundo.

Sasa swali langu. Jana nimefungua sanduku langu nikatoa shali ya Anan aliyonipa nilipoondoka. Niliinusa. Ni bakuli la tano. Haifanani nalo tu, ni lenyewe kabisa.

Nani mwingine aliyekishika kigunia? Siulizi ili nimlaumu mtu. Ninauliza kwa sababu kama kilichoharibika ni kigunia tu, basi ghala zima ni salama.

Umeniambia ninyamaze. Kunyamaza nakuweza, Ibi. Hata kwenye cheti changu cha shule wameandika nina nidhamu nzuri, na walichomaanisha ni kwamba miaka mitatu hawakunisikia. Ila safari hii nikinyamaza sijisikii mwenye nidhamu. Najisikia mwizi.

Wako,
Maisura


Pantan Uyem, 20 Novemba

Ipak,

Nilikuambia kigunia hakikutoka mkononi mwangu. Haikuwa kweli. Siku ile nilipokileta njia panda kulikuwa kumeporomoka mlima na lori halikuja. Nyumba ya mama yangu iko pale pale, nikakiacha mlangoni kwake mpaka njia ikafunguliwa. Sikuona kama ni kitu cha kutajwa. Au labda niliona, ndiyo maana sikukitaja.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda kwa Anan. Alikuwa anapepeta mchele.

Nikamwambia, "Mama, kile kigunia kidogo cha kahawa ulikiweka wapi siku zile za mvua?"

"Ulitaka nikiweke wapi? Chini, kama viazi?"

"Nilikiacha mlangoni, mama."

"Mlangoni kuna unyevu. Mlangoni kuna panya na mbuzi wa jirani. Mimi si mjinga." Akanionyesha kwa kidevu juu ya meko, kwenye kile kichanja cheusi. "Niliiweka pale ninapoweka mbegu ya mpunga. Nikaimwaga kwenye ungo ipate joto vizuri, nikaigeuza kila jioni kwa mkono. Na goti langu hili, juu ya kigoda."

Nikatazama. Depik walikuwa wamening'inia pale pale, mstari mzima.

"Mama," nikasema, "lakini kahawa hiyo ilikuwa imeshakauka."

"Imekauka kwa plastiki yako. Plastiki haina dua. Mimi nimemsalia Mtume kila nilipoigeuza. Hao watu wa mjini wakinywa watajua imetoka kwa watu wanaojua kutunza kitu." Kisha akaniangalia vizuri. "Kwa nini, wamesemaje?"

Ipak, nina miaka hamsini na mbili na nimebishana na matajiri, na madereva, na baba yako. Nilisimama pale nikasema, "Hawajasema bado, mama." Nikamalizia kumpepetea mchele.

Wewe unajua kichanja kile ni nini. Mbegu inayopandwa mwaka ujao ndiyo inayolala pale. Vingine vyote vya nyumba hukaa chini, na chakula cha leo hukaa chini. Alikipa kigunia chetu mahali pa juu kuliko pote alipo napo, na hapo ndipo kilipoharibikia.

Nimekwenda ghalani nikaingiza pua kwenye kila gunia, mpaka nikapiga chafya. Hakuna moshi. Nimemwita Wardah naye akanusa, anasema kunanuka gunia na mama yake. Kwa hiyo ulisema kweli. Kahawa iko salama na haina njia ya kufika huko.

Nilikuambia unyamaze, na nilikuambia kama mtu anayejua. Leo sina uhakika huo. Lakini sitakuambia useme, maana atakayesimama mbele ya watu na uso ukamwiva ni wewe, mimi nitakuwa huku napiga kelele na kuku. Lolote utakalofanya, nitakuwa upande wako, na baba yako nitamshughulikia.

Inen Wardah
(Kahawa)


Takengon, 23 Novemba

Ibi,

Nimesema.

Nilimkuta Aman Rauf peke yake anaosha vijiko. Nikamwambia, "Aman Rauf, bakuli la tano, lile la moshi, nilikuwa nimeandika themanini na sita."

"Sisikii."

Nikarudia.

"Maisura, maji yanamwagika, sisikii." Akafunga bomba. Nikasema tena, na nadhani nilipaza mno, kwa sababu kaka Hasbi alitoka chumba cha kukaangia na beseni mkononi.

"Themanini na sita kwa moshi?" akasema. "Ulikuwa na mafua?"

"Nilikuwa na hamu ya nyumbani," nikasema. "Ni kijiji chetu. Sikujua kwamba ni chetu, lakini nilikijua. Halafu mlipoanza kucheka nikafuta."

Kaka Hasbi akaacha kucheka. Akarudi ndani na beseni lake. Nilimwambia Aman Rauf na habari ya kichanja cha juu ya meko, na kwamba ghala ni safi, lakini sikusema ni kichanja cha nani. Naye hakuuliza.

Alikausha vijiko vyote kimoja kimoja kabla ya kunijibu. "Ulimi ukikosea, tunaufundisha. Wewe hukukosea kwa ulimi. Ulitazama nyuso zetu. Kwa hilo sina somo. Ukifuta tena, utafute kazi nyingine."

"Ndiyo."

"Na themanini na sita haikuwa alama ya kahawa. Moshi si ardhi. Moshi ni jikoni kwenu, na jikoni kwenu huenda ni pazuri sana, lakini anayenunua hanunui jikoni. Ardhi ya kwenu sijaionja bado, wala wewe." Akanipa kijiko nikitundike. "Waandikie watu wako walete nyingine. Iingie hapa kabla ya tarehe thelathini."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Tafadhali, Ibi, isipite jikoni kwa mtu yeyote. Na isipande lori la depik.

Maisura


Pantan Uyem, 27 Novemba

Ipak yangu,

Barua hii anaileta Wardah kwa pikipiki ya mumewe, na mgongoni amebeba sampuli ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndoo imefungwa kwa kanga mbili. Nimemwambia akisimama njiani kula kitu chochote cha kukaanga asirudi kwangu.

Wanawake nimewaambia ukweli, kasoro mahali pamoja. Niliwakusanya kwenye vitanda vya kuanikia nikasema sampuli ya kwanza imekataliwa kwa moshi, na kosa ni langu, niliisahau jikoni kwangu juu ya meko. Halafu Inen Safri akasema, "Kwa hiyo sigara yangu ilifukuzwa bure?" Wote wakacheka, na nimemwomba radhi mbele ya watu, na sasa pua imeshuka. Msimu ujao atakuwa na la kuniambia kila nikimfokea, na nimeshajiandaa kulisikiliza.

Wamechambua upya, punje kwa punje. Wamekaa kutwa nzima bila umbea, na hilo halijawahi kutokea hapa tangu niolewe.

Anan amesikia kwamba inakwenda sampuli nyingine. Alikuja mwenyewe na fimbo yake. "Lete niitunze," akasema.

Nikamwambia, "Mama, ile ya kwanza wameinywa yote wakaimaliza. Hii wanaitaka upesi, haina muda wa kulala."

Akafurahi. Ipak, laiti ungemwona. "Wameimaliza," akasema, na akamwambia jirani, na jirani akamwambia mwingine, na sasa njia nzima inajua kwamba Takengon wameimaliza kahawa ya Anan. Wale wanawake wananiangalia, wanajua nimesema ilikataliwa. Nimewakonyeza tu. Sijui wameelewa nini.

Tajiri amepita tena. Nimemwambia arudi baada ya wiki. Amesema atarudi na lori, siyo pikipiki. Nimetabasamu kwa meno yote, halafu nikaenda kukaa ghalani peke yangu.

Utakuwa mezani? Au watakutoa kwa kuwa ni kahawa ya kwenu? Kama utakuwepo, usitupendelee. Nimesema hivyo na moyo hautaki, lakini nimesema.

Ibi yako,
Inen Wardah


Takengon, 2 Desemba

Ibi mpendwa,

Nisomee hii chooni pia, au ghalani, popote ulipo peke yako.

Nilikuwa mezani. Aman Rauf alisema mabakuli ni mengi na hakuna anayejua namba, kwa hiyo kila mtu aonje. Nilikuwa na mpango. Nilijua nitaitambua yetu hata bila moshi, kama unavyotambua mtu wa kwenu kwa mwendo. Nilipanga nikiitambua nitampisha kaka Hasbi nisiandike kitu.

Nilipita bakuli baada ya bakuli nikiisubiri. Haikuja. Moja lilikuwa la machungwa, nikasema hili ni la chini ya Burni Telong. Moja lilikuwa bapa kama maji ya mchele. La saba nilipofyonza nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu sikujua ni nini. Kwanza lilikuwa chachu, ile chachu ya tunda damu likiwa limeiva barabara, linalokufanya ufumbe jicho moja. Kisha ikaja sukari guru, taratibu. Na mwishoni, baada ya kumeza, kikabaki kitu baridi na chenye harufu nzuri, kama hewa ya chini ya misonobari mvua ikishakatika. Lilivyokuwa linapoa ndivyo lilivyozidi kuwa tamu. Nilirudi mara tatu. Nilidhani limetoka mahali ambapo sijawahi kufika.

Nikaandika themanini na saba.

Kaka Hasbi akasema, "La saba ni chachu mno. Themanini kasoro moja."

Ibi, sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Subiri lipoe."

"Nimesubiri."

"Hujasubiri. Umelionja likiwa la moto, ukaenda kuchezea simu. Lirudie."

Dada Nurlaila akaweka kijiko chini kunitazama. Kaka Hasbi akasema, "Haya, leo bakuli limejibu," lakini alilirudia. Alifyonza, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akafyonza tena. Akafuta alama yake mbele yetu sote, na akasema kwa nini anafuta, na akaandika themanini na tano. Sikujua kwamba inaruhusiwa kufuta namna hiyo. Aman Rauf aligeuza karatasi.

Pantan Uyem.

Nilitoka nikaenda kusimama uani. Wakadhani ninalia kwa furaha na wakaniacha. Nilikuwa na furaha, lakini haikuwa hiyo tu. Miaka kumi na minane, Ibi. Nimechuma ile miti, nimeshika yale maganda mpaka vidole vikawa vyeusi, nimekunywa kahawa kila asubuhi na kipande cha sukari guru kwenye shavu, na sijawahi kuionja. Tulichokuwa tukinywa ni nyumba yetu. Shamba lilikuwa limekaa nyuma ya moshi muda wote huo, na mimi nikapita mbele yake kama mgeni, nikalipenda bila kujua ni letu.

Kwa hiyo sikuwapendelea. Ulinisihi nisiwapendelee, na hata ningetaka nisingeweza.

Tuko kwenye orodha. Magunia yatapigwa chapa Pantan Uyem na mnunuzi wa Medan ameomba yote yaliyo ghalani. Aman Rauf atakuja mwenyewe wiki ijayo kuona vile vitanda vyako vya waya, kwa hiyo waambie wanawake, na mwambie Aman Sabda lori lake lipakie kabichi. Aman Rauf ameniambia pia nianze kuongoza meza ya wanafunzi wapya baada ya mwaka mpya. Nikamwambia sauti yangu ni ndogo. Akasema atanunua meza ndogo.

Sasa la Anan. Atakuuliza kama walisikia mkono wake kwenye kahawa. Mwambie ndiyo. Mwambie palikuwa na mtu mmoja pale mezani aliyeusikia mara moja, kabla ya kujua ni wa nani, na akaandika alama kubwa kuliko zote alizokuwa amewahi kuandika. Huo si uongo. Nikirudi mwezi wa Ramadhani nitafuturu kwake, na akinimiminia kahawa ya kichanjani nitaomba kikombe cha pili, na hicho nacho hakitakuwa cha kumfurahisha tu.

Najua umebeba kosa lisilo lako mbele ya kikundi kizima, na Inen Safri atakukumbusha mpaka uzeeni. Naomba uendelee kulibeba. Kwamba ni meko ya Anan yaliyotaka kutukosesha jina, tunajua wewe na mimi tu. Usimwambie Baba, usimwambie Wardah, na barua hii ukishaisoma itie motoni. Anan asijue kamwe.

Mwanao,
Maisura